Dakika ya Tisa

Mwezi uliopita nilikwenda Muthetheni kumpa pole Mutua, mtu ambaye niliwahi kuandika uongo juu ya kazi yake. Mama yake alikuwa amefariki, mazishi yamepita wiki nzima bila mimi kujua, na habari zenyewe nilizipata dukani kwangu kutoka kwa mteja aliyekuja kupima kitambaa cha pazia, akazitaja huku akivuta kitambaa kuona kama kinapitisha mwanga. Nilifunga duka mapema, nikaenda nyumbani, nikalala chali kitandani na viatu vyangu. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu huu wa umri wangu ambao huwezi kusema umeanzia wapi, na nilijua kwamba safari hii sitaikwepa. Katika miaka ishirini Mutua na mimi tulikuwa tumekutana mara tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikifanya kazi katika chuo cha kompyuta cha Mwalimu Kilonzo hapo Machakos mjini, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kukiita chuo ni heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye kompyuta kumi na moja, saba zikifanya kazi siku ikiwa nzuri, na nyuma ya ukuta wa plaiwudi palikuwa na kijichumba kilichotosha meza, kiti na mtu mmoja mwembamba. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda kutoka chini ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye buibui langu, mpaka nyumbani wakawa wananiuliza kama siku hizi naogesha ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za kuomba kazi, kadi za harambee na mitihani ya shule za msingi. Nikichoka kuchapa nilicheza michezo ya kompyuta, na kila mchezo uliokuwa kwenye mashine zile niliumaliza. Mwalimu Kilonzo hakunigombeza. Alijisifu kwa wageni kwamba ana msichana wa Kiislamu anayeweza kuteka sayari nzima kabla ya adhuhuri, nami nilijifanya sisikii, huku nimevimba kichwa.

Huyo mtu mwembamba wa nyuma ya plaiwudi ndiye Mutua. Alikuwa kijana wa Muthetheni, ana nafasi ya chuo cha ualimu ambayo hakuitaka, na alikuwa amemwomba mama yake mwaka mmoja. Mwaka huo alikuwa akiutumia kutengeneza mchezo wa kompyuta, peke yake, kwa vitabu vya kuazima na mashine ambayo ilibidi aipige kofi ubavuni ndipo iwake. Mwaka ukiisha bila kitu, angeacha mambo hayo na kwenda kutafuta kibarua viwandani Athi River. Hilo sote tulilijua, hata wanafunzi wa jioni walilijua, na mtu akipita karibu na plaiwudi alipunguza sauti kama anayepita karibu na chumba cha mtihani.

Mchezo wenyewe aliuita Mwezi Mkavu. Ulikuwa wa aina ile ambayo hakuna kungojeana: wewe unajenga, adui anajenga, saa inakwenda, na ukizubaa umekwisha. Watu wamehama dunia wakaenda kuishi kwenye mwezi wa vumbi jekundu, wakagawanyika makundi mawili, wekundu na bluu, kila kundi na mashine zake zenye miguu sita, minara ya kurusha moto, na wafanyakazi wadogo wenye helmeti. Barafu iliyeyuka mara moja tu, mnamo dakika ya ishirini, na aliyekuwa hajajenga ukuta wa kuzuia maji alikufa kwa kiu na mashine zake zote. Mutua alinionyesha picha za kwanza siku moja tukila. Tulikula pamoja juu ya kasha la printa, yeye muthokoi aliotumiwa na mama yake kila Jumatatu kwenye kikopo cha mafuta ya kupikia, mimi chapati na mchuzi wa nyumbani, na baada ya wiki chache tukawa tunabadilishana bila kuulizana. Mpaka leo nikila muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyochemka na maharagwe, nasikia na harufu ya dawa ya kupe.

Mama yake alikuja mara moja tu. Alikuwa mrefu, amejitanda leso mbili, na alipopewa kiti alikisogeza kwanza dirishani ndipo akakaa. Aliangalia mchezo wa mwanawe kwa muda mrefu, kisha akauliza kama wale watu wadogo wanakula. Mutua akamwambia hapana, wanafanya kazi tu. Mama akatikisa kichwa. Alipoondoka alinishika mkono, akageuza kiganja changu, akasema kitu kwa Kikamba kilichomfanya Mutua acheke mpaka akakohoa. Kikamba changu kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziwa bei, kwa hiyo nikauliza amesema nini. Mutua akanitafsiria kwamba mama anasema mkono huu haujawahi kushika jembe. Na ni kweli. Sisi wa mjini tulinunua mboga kwa mafungu, na shamba tuliliona kwa dirisha la gari.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, ambaye kampuni yake ilitafuta michezo ya kuweka kwenye kompyuta za kuuza. Mwalimu Kilonzo alikuwa amemwandikia barua nne kuhusu Mutua. Bwana yule alikaa nusu saa, akanywa soda moja, akasema picha si mbaya, lakini yeye hana wakati wa kucheza na maneno ya mwenye mchezo hayaamini. Anataka tathmini ya mtu mwingine, mtu anayejua michezo, acheze wiki tatu na kujaza fomu. Mwalimu Kilonzo alininyooshea kidole kabla bwana hajamaliza sentensi. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, kwa Kiingereza, na nafasi ya kueleza kasoro. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naonaje juu ya kitu chochote.

Nilicheza saa saba hadi saa tisa mchana, wanafunzi wakiwa wametoka kula, na umeme ukiwapo. Ulikuwa msimu wa joto, mabati yakilia juu, na mimi nimechapa tangu asubuhi mpaka vidole vinauma. Dakika za kwanza za Mwezi Mkavu zilikuwa tamu, wallahi. Unachimba chuma, unajenga ghala, unatuma mashine yenye miguu sita ikachungulie bonde, na vumbi linainuka nyuma yake vizuri kabisa. Halafu mnamo dakika ya nane unasikia firimbi. Firimbi tu, mara mbili, haijulikani inatoka wapi. Na kwenye dakika ya tisa wafanyakazi wako wote, watu wako wekundu uliowalisha chuma na kuwajengea ghala, wanatua walichobeba, wanavuka bonde, wanaanza kumjengea adui ukuta wake.

Mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza kitu. Nikazima nikaanza upya. Mara ya pili firimbi, dakika ya tisa, wale wanaondoka. Niliwaita warudi, hawakusikia. Nilijaribu kuwapiga risasi wa bluu walipokuwa pamoja, minara ikakataa kufyatua. Nilikasirika kama mtu aliyekimbiwa na wafanyakazi wa kweli. Kila siku nilianza upya, nikajenga haraka zaidi, nikaweka kuta kuwazuia wasitoke, nao wakazunguka kuta. Mara ishirini na kitu nilicheza mchezo ule, na kila mara walipoanza kuvuka bonde nilizima. Ningengoja nione nini? Nilikuwa nimeshacheza michezo mingi, nilijua kasoro nikiiona, na nilikuwa na mitihani ya darasa la sita ya kuchapa.

Siku moja, nikiwa nimelaza kichwa kwenye meza baada ya kuzima, niliwasikia nyuma ya plaiwudi. Mwalimu Kilonzo alikuwa akimwambia Mutua aje aniambie ninakosea wapi, kwa sababu siku zinaisha. Mutua akajibu taratibu, "Mwache, mwalimu. Nikimwambia, atakuwa anaona vile mimi naona. Hao watu wa Nairobi nitaambia mmoja mmoja?" Nilisikia kila neno na nikaliona ni jeuri. Nikajiambia huyu anajua mchezo wake una kasoro na anaona haya kukiri. Ningeweza kuinuka, nikapiga hatua nne, nikauliza. Sikuinuka.

Fomu niliijaza siku ya mwisho, na nilisema mazuri mengi. Lakini kwenye nafasi ya kasoro niliandika, kwa Kiingereza changu nilichojivunia, kwamba kuna sauti ya firimbi isiyo na maana, na kwamba wafanyakazi wana hitilafu kubwa, wanamwacha mchezaji na kwenda kumjengea adui, jambo ambalo hakuna mnunuzi atakayelivumilia. Swali la kumi na moja liliuliza kama nimecheza mchezo mpaka mwisho. Nikatia alama ya ndiyo. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Niliona kama nimeshaujua mwisho.

Bwana wa Nairobi alijibu baada ya wiki mbili kwamba kasoro ile iondolewe ndipo auangalie. Mutua aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaingia nyuma ya plaiwudi. Nilimuuliza kama ni kazi kubwa. Akasema hapana, ni kufuta tu. Alifuta kwa siku tatu. Mchezo ulipotoka hapo, wafanyakazi walikaa upande wao, firimbi haikulia, minara ilifyatua wakati wowote, na mimi niliucheza mpaka mwisho kwa mara ya kwanza na kushinda kwa dakika ishirini na tano. Nilimpigia makofi. Bwana wa Nairobi aliangalia robo saa tu, akasema ni mzuri, lakini ya namna hii ameshaiona mingi, na kwa kweli mara ya kwanza alikuwa anatafuta kitu tofauti. Hakumaliza hata soda.

Mwaka wa Mutua ulikuwa umebakiza miezi miwili. Hakuitumia. Wiki ile ile alibeba vitabu vyake kwenye gunia, akamrudishia Mwalimu Kilonzo ufunguo wa kijichumba, akaenda Athi River, na miaka kumi na saba alipakia magunia kiwandani mpaka kifua kikamkatalia na akarudi kwao. Kikopo cha mama yake alikisahau kwenye kasha la printa. Nilikiosha nikakiweka dirishani, nikidhani atakuja kukichukua, na pengine nitamwambia juu ya swali la kumi na moja. Chuo kilifungwa kabla hajaja. Kikopo nikakichukua mimi, na miaka yote hiyo nikawa nawekea vifungo dukani.

Basi nilifika Muthetheni mwezi uliopita saa tatu asubuhi, na kikopo nimekiweka kwenye kiti cha abiria. Nilitegemea kukuta ua wa matanga, watu wachache na kimya. Nilikuta watu zaidi ya ishirini wako shambani, wengi wao akina mama, na majembe yanapanda na kushuka kwenye mteremko mzima. Mutua alikuwa katikati yao, amekonda, mvi kila mahali. Aliniona akainua mkono, lakini hakuacha mstari. Mama mmoja wa makamo aliyevaa gambuti aliniangalia juu mpaka chini, akanisalimia, akanipa jembe. Sikujua namna ya kukataa. Nikafunga leso kiunoni juu ya dera langu, nikaingia kwenye mstari, nikachimba, na baada ya robo saa kiganja kikafura malengelenge pale pale mama yake Mutua alipopatazama.

Niliyechimba naye bega kwa bega alikuwa mwanamke mcheshi anayeitwa Kalunde, na yeye ndiye aliyenieleza. Hiyo ilikuwa mwethya, kazi ya kikundi. Neno hilo nililijua kama ninavyojua majina ya milima, kwa kuyasikia. Wanatengeneza matuta ya kuzuia maji kabla ya mvua, boma moja baada ya jingine, kwa zamu, na wiki hii zamu ni ya mama yake Mutua. Nikasema lakini mwenyewe si amefariki. Kalunde akasimamisha jembe. "Sasa akifariki na zamu inafariki?" Akaendelea kuchimba. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, akifurahia, kwamba yule wa gambuti ni Mama Mwikali, mwenyekiti wao, jirani wa upande wa chini, na kwamba yeye na marehemu walikuwa na kesi ya mpaka kwa chifu miaka kumi na moja na hawakuwa wakisalimiana hata kanisani. Nikauliza sasa anachimba hapa kwa nini. Kalunde akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanaoga. Akasema marehemu mwenyewe alikuwa akichimba kwa Mama Mwikali kila mwaka, na mambo ya mpaka ni mambo ya mpaka.

Hapo Mama Mwikali akatoa kitu mfukoni, akaweka mdomoni, akapuliza mara mbili. Ilikuwa firimbi. Mstari mzima ukainua majembe, ukaacha pale tulipokuwa, ukashuka kwenye tuta linalofuata. Mimi nilibaki nimesimama. Nilihisi moto ukipanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na ulikuwa moto wa aibu, wala si jua. Watu walinipita wakishuka, na mmoja akaniambia twende mama, usibaki nyuma.

Saa sita tulikaa barazani kwa Mutua na chai na viazi vitamu. Nilimpa pole yangu, akaipokea. Nilimpa kikopo, akakizungusha mkononi, akakiweka chini ya kiti. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima na yote yalikuwa yamenitoka, kwa hiyo nikauliza tu nilichotaka kujua.

"Mutua, wale watu wangu wekundu. Walikuwa wanarudi?"

Hakuniuliza wekundu gani. "Dakika ya kumi na mbili," akasema. "Na wale wa bluu wote pamoja nao. Wakimaliza ukuta wa huyu wanakuja kwa wako. Ukuta mbili zikiwa tayari, barafu inayeyuka, hakuna mtu anakufa. Vita ilikuwa inaanza baadaye, kama bado unaitaka."

"Sikuwahi kufika huko. Fomu niliijaza uongo."

"Najua. Mchezo ulikuwa unaandika saa ya kuzima. Mara ishirini na sita, Zuhura. Hakuna hata moja imepita dakika ya tisa."

Alisema hivyo akimenya kiazi. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza basi, wakati mwaka wake wote ulikuwa kwenye karatasi ile. Akasema alidhani hakuna mtu wa Machakos asiyeijua firimbi, na alipoona mimi siijui akajua kosa ni lake pia, kwa sababu mtu akichoka kungoja ndani ya mchezo, mchezo ndio umeshindwa. Nilianza kupumua. Kisha akaniangalia usoni. "Lakini usidhani sikukasirika. Miaka mitatu nikija mjini nilikuwa napita ng'ambo ile ingine ya barabara, nisione duka yako. Nilikuwa nakuchukia kabisa."

Nikamwambia nilistahili. Akasema labda. Kule chini Mama Mwikali alikuwa akipima kwa kamba mahali pa tuta la mwisho, pembeni kabisa mwa mpaka ule wenye kesi, na alikuwa akipima kwa haki, maana Mutua alimtazama mpaka kamba ikakazwa, kisha akarudia chai yake. Magoti yangu yaliuma, kiganja kiliwaka, na nilitamani kitanda changu. Nilianza kukusanya mkoba na funguo. Mutua akasema Jumanne wanakwenda kwa Mama Mwikali, na kwa vile nimechimba leo watu watategemea kuniona. Nikamjibu papo hapo, bila hata kufikiri, kwamba ningependa sana, lakini Jumanne nina wateja, na gari lenyewe linasumbua, na unajua tena mambo ya duka.

Akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha zamani cha kumfanya akohoe.

"Dakika ya tisa," akasema.

Jumanne nilifunga duka, nikafika kwa Mama Mwikali kabla firimbi haijalia.